Chanjo ya Kumeza Ipimwe Huku Mapema

Msikilizaji, mtoto anapofikisha wiki sita, muuguzi wa kliniki humbana mashavu taratibu na kumdondoshea matone ya polio, kisha ya rotavirusi. Hachomwi popote kwa hayo mawili. Mbona basi chanjo nyingine nyingi bado ni za sindano?

Ni kwa sababu ya tumbo. Matone yale yana virusi hai waliodhoofishwa, wanaoweza kuhimili safari ya tumboni. Protini tupu ya chanjo ikimezwa humeng'enywa kama kipande cha nyama. Ndiyo maana watafiti wanaifungia ndani ya chembechembe za PLGA, jamii ileile ya malighafi inayotengenezewa nyuzi za kushonea majeraha, zile zinazoyeyuka zenyewe bila kurudi kwa daktari kuzitoa. Mwilini, maji huivunja polepole, nao mwili ukamaliza mabaki yake.

Chembe ikiwa ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita moja, hudakwa na seli maalumu kwenye ukuta wa utumbo mdogo, mahali alipopaeleza tabibu Johann Conrad Peyer wa Uswisi mwaka 1677. Hapo kinga ya mwili hufundishwa kumtambua adui. Na hapo ndipo penyewe! Kipindupindu, kwa mfano, huingilia utumboni; sindano hujenga zaidi kinga ya damu, wakati tunahitaji mlinzi mlangoni.

Kwa panya, matokeo ya kutia moyo yapo tangu miaka ya 1990. Kwa binadamu kazi ni ngumu zaidi, maana chembe nyingi hupita tu na kutoka na choo.

Hofu yangu iko kwingine. Chanjo za kumeza zimezoea kufanya vizuri Ulaya na kulegea kwetu. Majaribio ya chanjo moja ya rotavirusi, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kinga ya asilimia 77 dhidi ya kuhara kukali kwa rotavirusi Afrika Kusini, lakini Malawi asilimia 49 tu. Wataalamu wanataja lishe duni, maambukizi ya tumbo yasiyokatika, na kingamwili za mama.

Watafiti wa Kilifi na Bagamoyo walishapima chanjo ya malaria kwa watoto wetu. Maabara zipo, wataalamu wapo. Wakabidhiwe chembe hizi mapema, kabla dozi haijapangwa kwa kufuata tumbo la mtoto wa Ulaya.