Kompyuta Ndogo na Programu Huria

Kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma na tutahesabu pia.

Ukipita Gerezani utaona maduka ya vipuri na karakana za mafundi. Mwenye duka huandika mauzo yake katika daftari. Siku hizi wengine wanapenda kuyaandika katika kompyuta, lakini wanahofu mambo mawili: gharama ya umeme na gharama ya programu. Basi, tuyatazame.

Kwanza, umeme. Iko kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa huko Uingereza mwaka 2012. Upana wake ni kama kadi ya benki. Katika kazi za kawaida hutumia kama wati 5 tu. Kompyuta kubwa ya mezani yaweza kutumia wati 100. Sasa tuhesabu. Uniti moja ya umeme, ile unayonunua kwa LUKU, ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Gawanya 1,000 kwa 100, utapata saa 10. Gawanya 1,000 kwa 5, utapata saa 200. Umeme wa kioo hatukuutia katika hesabu hii.

Pili, programu. Kompyuta bila mfumo endeshi ni kama ghala lisilo na msimamizi: mali imo, lakini hakuna wa kupokea wala wa kutoa. Msimamizi wa kompyuta hii ni Raspberry Pi OS. Ameundwa juu ya Linux, kazi iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Linux ni programu huria. Maana yake, kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuibadili na kumpa mwenzake. Kwa ruhusa ya namna hiyo, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice.

Kwa hiyo, fundi akikuwekea mfumo huu, mlipe ujira wake, maana amefanya kazi. Lakini akikutoza bei ya mfumo wenyewe, muulize kwa adabu: "Fundi, huu si ule unaotolewa bure?"

Tatu, namna ya kuuweka. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta kadi ya kumbukumbu ndogo, kama ile ya simu, ya GB 32.
2. Katika kompyuta nyingine yenye intaneti, pakua programu iitwayo Raspberry Pi Imager kutoka kwa watengenezaji wenyewe.
3. Chomeka kadi. Chagua aina ya kompyuta yako, kisha mfumo, kisha kadi.
4. Agiza mfumo uandikwe katika kadi, ungoje mpaka kazi iishe.
5. Tia kadi katika kompyuta ndogo. Unganisha kioo, kibodi na kipanya. Umeme uwe wa mwisho.
6. Jibu maswali ya nchi, lugha na saa. Weka nywila, uiandike mahali pa siri.

Sasa sikilizeni vizuri. Kabla ya kuandika mfumo, mashine itakuonya kwamba yote yaliyomo katika kadi yatafutwa. Ikiwa umechagua flashi yenye hesabu za duka badala ya kadi tupu, madeni ya wateja wako yatapotea, nawe utamdai nani? Hapo ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Soma jina la kadi. Soma ukubwa wake. Kama onyo ni la Kiingereza, mwombe mwenzako akufasirie. Usibonyeze kwa kubahatisha.

Hata baada ya hapo, weka nakala mbili za hesabu zako, kila moja mahali pake. Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua. Moto hauchagui daftari wala kompyuta. Tena, usichomoe umeme ghafula. Izime kompyuta kwanza kwa amri yake, kwani kadi yaweza kuharibika.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kompyuta ya wati 5 ikiwaka saa 10 kila siku, uniti moja itatosha siku ngapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumlipa fundi ujira na kununua programu?
3. Utasoma nini kabla ya kukubali kadi ifutwe?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane majibu yenu. Kwaherini, na masomo mema.