Mtumishi, Tajiri Wake na Dhamiri

Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya mkutano wa sikukuu ya yubile



Wazee wetu walisema, "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Vijana wengi hulijibu neno hili waulizwapo habari za kazi waifanyayo. Husema, "Mwalimu, tajiri namtumikia kwa mikono tu, moyo wangu ni wangu." Katika siku hii ya furaha napenda tulipime neno hilo, maana ni nyumba chache kati yetu zisizokuwa na mtu aamkaye alfajiri kwenda kufanya kazi ya mwingine.

Kwanza, methali ile ina kweli ndani yake. Si lazima tajiri awe wa dini yetu, wala wa kabila letu, wala wa tabia ipendezayo. Danieli aliwatumikia wafalme wa Babeli, naye aliwatumikia vema. Tena mshahara mdogo, na maneno makali, na kazi ya kuchosha, ni mambo mazito, nayo yana njia yake ya kudaiwa haki. Walakini siyo niyatajayo leo. Nataja siku ile mtumishi aamriwapo kutenda kwa mkono wake jambo ambalo moyo wake wajua yakini kuwa ni ovu. Hapo ndipo methali ifikapo mpaka wake, kwa kuwa mkono na moyo haikai nyumba mbili.

Nitawapa mifano miwili. Katika nchi ya Buganda alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe. Aliingia katika jumba la Kabaka Mutesa angali kijana, na baadaye Kabaka Mwanga alimweka juu ya watumishi wa nyumba yake. Alisifiwa kwa uaminifu wake. Hata tarehe 29 Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Kiingereza aliuawa katika Busoga kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe alikuwa Mkatoliki. Askofu yule hakuwa wa kanisa lake. Walakini hakunyamaza. Alimwambia bwana wake wazi kwamba tendo lile ni ovu. Tena aliwakinga vijana wa jumbani na tamaa za mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa. Angalieni, hakutoroka, wala hakumsengenya bwana wake nyuma ya ua. Alikaa katika kazi yake, akasema mbele ya uso wake.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeiacha kazi. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampuni ya merikebu, jina lake Elder Dempster, katika mji wa Liverpool, Uingereza. Kampuni hiyo ilichukua mizigo ya Dola Huru ya Kongo, ambayo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliitawala kama mali yake tangu mwaka wa 1885. Morel alijua Kifaransa, basi akatumwa mara kwa mara bandarini Antwerp. Huko aliona merikebu zikirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Bali zikienda, zilichukua bunduki na risasi nyingi, na bidhaa za kuwalipa wenyeji zilikuwa haba mno. Karani huyu hakupata kuikanyaga nchi ya Kongo. Alisoma hesabu tu. Akafahamu kwamba watu wasiolipwa, wanaopelekewa bunduki, ni watu wanaotumikishwa kwa nguvu.

Alikwenda kwanza kwa wakubwa wake akawaeleza. Hawakumsikia; badala yake aliahidiwa cheo na fedha. Mwaka wa 1901 akaiacha kazi, naye ana mke na watoto. Mwaka wa 1904 yeye na wenziwe waliunda chama cha kuwatetea watu wa Kongo, na mwaka wa 1908 nchi ile ikatolewa mkononi mwa mfalme, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Taabu za wenyeji hazikwisha siku ile, lakini siri ilikuwa imekwisha funuliwa.

Basi tujifunze nini? Kabla ya kuitwaa kazi, uliza ni kazi gani, usiulize mshahara peke yake. Ukiisha kuitwaa, ifanye kwa bidii. Maana mvivu asemaye habari za dhamiri hapana amwaminiye. Ukiamriwa uovu, mwendee tajiri kwa adabu, mseme wawili, huenda hakujua. Asiposikia, kataa tendo lile. Na ikiwa kazi yenyewe imejengwa juu ya uovu, kama ile ya mizigo ya Kongo, ondoka, baada ya kurudisha funguo na hesabu iliyo safi.

Tena tusiwahukumu matajiri wa mbali tu. Wengi wetu tuna mpishi, au mchungaji wa ng'ombe, au kijana wa dukani. Tumwambiapo amjibu mgeni kwamba hatupo, nasi tumo chumbani, au apunguze kidogo katika mizani, twamfundisha nini? Sisi ndisi tajiri atakayeulizwa.

Neno la mwisho ni la jamaa yote. Mwalimu akikataa kuandika alama za uongo kwa ajili ya mtoto wa mkubwa, akafukuzwa, twamsifu Jumapili. Jumatatu watoto wake wana njaa. Sifa haipikwi. Huenda watu wengi hutii amri mbaya, si kwa kupenda uovu, bali kwa kuwa wajua kwamba wakianguka hapana wa kuwainua. Kwa hiyo naomba tuikumbuke yubile hii kwa tendo: kila mtaa uweke akiba ya unga na fedha kidogo kwa mtu aliyepoteza kazi kwa ajili ya haki, na wazee wamtafutie kazi nyingine mapema. Hapo mtumishi atakapoamriwa vibaya, atakuwa na nguvu ya kusema, "Hili, bwana, siwezi," akijua kwamba jioni moshi utatoka jikoni mwake.