Dinari Mbili za Msamaria



Msamaria wa Injili hakuishia kumwonea huruma majeruhi wa taifa jingine. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Tiba ina gharama. Swali ni nani aibebe.

Wakoloni wa Kijerumani walilijibu swali hilo kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1897, pale Dar es Salaam, Wazungu walipata hospitali yao ya Ocean Road, kando ya bahari. Waafrika na Wahindi walipelekwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Waingereza waliowafuata waliuendeleza utengano huo. Mwafrika, aliyelimishwa pamba na kutozwa kodi, ndiye aliyepata tiba haba.

Ubaguzi wa namna hiyo hauokoi fedha. Gharama ya ugonjwa usiotibiwa haifutiki. Huhamishiwa kwa mnyonge. Mkulima akilazwa na homa wakati wa palizi, magugu humeza mpunga, ghala hubaki tupu, na mtoto huachishwa shule.

Leo sheria haibagui rangi, lakini hata umbali huweza kubagua. Tuwakumbuke wenzetu wa Kiongoroni, katika delta ya Rufiji. Mgonjwa anayehitaji hospitali husafirishwa kwa chombo kupitia mikoko, akitegemea kujaa na kupwa kwa maji. Wanaomsindikiza huacha shamba na nyavu. Kabla ya dawa, familia imekwisha kulipa.

Na bado Rufiji hiyohiyo imetufundisha jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo, Rufiji na Morogoro Vijijini zilianza kupanga fedha za afya kwa kufuata maradhi yanayoua watu wengi zaidi. Nyongeza iliyotumika ilikuwa takriban dola 1 tu kwa kila mtu kwa mwaka. Katika miaka michache, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Basi, wapendwa, tunapoketi katika vikao vya vijiji na halmashauri kugawa fedha, tuwaulizie kwanza walio ng'ambo ya maji. Ugonjwa wa jirani tutaulipia tu: ama mapema, kwa dinari mbili, ama baadaye, kwa njaa na makaburi.