Jina Katika Sahani ya Santuri

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jina liandikwalo katika sahani ya santuri. Je, jina hilo hutuonyesha sikuzote ni nani aliyepiga?

Huko Marekani watu weusi walikuwa na nyimbo ziitwazo bluzi, na wengi walizipiga kwa kinanda cha mdomo, chombo kidogo kienecho kiganjani. Mwaka 1937 John Lee Williamson, mzaliwa wa Tennessee, alitia sahani zake za kwanza, na kibandiko kikamtaja kwa jina la Sonny Boy Williamson. Sahani hizo zikapendwa, na jina likavuma.

Mwaka 1941, mjini Helena katika Arkansas, mtu mwingine, Aleck Miller, alianza kupiga kinanda cha mdomo katika redio ili kuutangaza unga wa ngano. Naye akaitwa Sonny Boy Williamson! Yule wa kwanza aliuawa mjini Chicago mwaka 1948. Huyu wa pili alianza kutia sahani mwaka 1951, na ijapokuwa alikuwa fundi hodari, alidai ya kuwa yeye ndiye wa asili.

Basi mtu apatapo sahani mbili zenye jina hilo aweza kudhani ni pumzi ya mtu mmoja. Wachunguzi hawakutegemea kibandiko tu. Walitazama namba na tarehe katika daftari za kampuni, wakasikiliza namna ya upigaji, wakawauliza wapigaji wenzao. Maana aliyezikwa mwaka 1948 hawezi kupuliza kinanda mwaka 1951.

Tena iko sahani ya mwaka 1951 yenye wimbo uitwao Dust My Broom. Mwimbaji ni Elmore James, na kinanda cha mdomo chapigwa na Miller. Upande wa pili aimbaye ni Bobo Thomas, lakini kibandiko chataja Elmo James pande zote mbili.

Wazee husema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jina ni haki: kwa hilo mtu hulipwa ujira wake, na kwa hilo wajukuu humkumbuka. Nanyi wanafunzi, mwandikapo nyimbo na ngoma za kwenu, andikeni siku ile ile aliyeimba, aliyepiga, mahali na tarehe. Kalamu ya leo yaondoa ugomvi wa kesho.