Kishikwambi cha mwalimu

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma nchini Tanzania. Ni vya mwalimu, si vya mwanafunzi. Hapo ndipo mjadala mwingi hupotoka. Katika mji kama Katoro, mkoani Geita, uliojaa watu kwa sababu ya dhahabu, kioo kidogo hakimfikii mtoto wa dawati la nyuma katika darasa lililofurika. Faida kubwa iko kwenye maandalizi: mwalimu hupakua kitabu cha kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, akakisoma hata bando likiisha.

Kumpa mtoto kishikwambi chake kulijaribiwa Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifikia watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi, kwa programu za Kiswahili zisizotegemea intaneti na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Timu za Kitkit School na onebillion zilishinda kwa pamoja mwaka 2019.

Usimamizi wa kishikwambi cha mwalimu ni kazi ndogondogo: namba ya kifaa kwenye daftari la mali, kava la kuzuia vumbi, na nywila inayobaki shuleni mwalimu akihamishwa.