Bei ya Dhahabu Imepanda: Ziada Ifanye Kazi Gani?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Bugarama)



Leo tunazungumza habari ya fedha. Si fedha za mfukoni mwetu, maana hizo kila mtu anazijua mwenyewe na hapendi ziulizwe. Tunazungumza habari ya fedha ambazo serikali yetu inazipata kutokana na dhahabu, na hasa zile zinazozidi wakati bei inapopanda. Sisi wa Bugarama tunalala juu ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko hapa hapa kwetu. Kwa hiyo jambo hili si la wakubwa wa Dodoma peke yao.

Kwanza tuelewane, ziada ni nini? Mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kazi mwaka 2001, wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31, iliuzwa katika soko la dunia kwa bei isiyofika dola 300 za Marekani. Mwaka 2011 ilifika karibu dola 1,900. Mwaka 2013 ikaanguka hadi kama 1,200. Kisha ikapanda tena. Machi 2025 ilipita dola 3,000, na Oktoba mwaka huo huo ikapita 4,000. Dhahabu ni ile ile, mwamba ni ule ule. Lakini serikali huchukua sehemu yake kwa kila mia, kwa hiyo bei ikipanda, mapato nayo yanapanda.

Hebu chukueni kalamu. Dhahabu ikiuzwa kwa shilingi 1,000,000, mrabaha ni shilingi 6 kwa kila 100, yaani 60,000. Ada ya ukaguzi ni shilingi 1 kwa kila 100, yaani 10,000. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri nao huhesabiwa kutokana na mauzo hayo hayo. (Dhahabu inayouzwa kwa viwanda vya kusafishia vya humu nchini hupunguziwa mrabaha, na kodi nyingine zipo, hayo tuyaache leo.) Sasa bei ikipanda mara mbili, dhahabu ile ile inauzwa 2,000,000. Mrabaha unakuwa 120,000. Zile 60,000 zilizoongezeka hazikutoka katika jasho la mtu. Zimetoka sokoni, na soko linaweza kuzichukua tena wakati wowote. Hizo ndizo tunaziita ziada.

Ipo pia sababu nyingine ya mapato kuongezeka. Mwaka 2017 sheria ya madini ilibadilishwa. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka 4 hadi 6 kwa mia, na serikali ikapata haki ya kuwa na hisa zisizopungua 16 kwa mia katika migodi mikubwa. Baada ya mabishano marefu juu ya makinikia, serikali na kampuni ya Barrick zilitia saini makubaliano Januari 2020. Kampuni ya Twiga ikaundwa, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 ili kumaliza madai ya zamani. Milioni 100 za kwanza zililipwa mwaka huo huo. Angalieni vizuri: fedha za namna hiyo hulipwa mara moja. Ni kama mtu aliyeuza ng'ombe. Mwakani hawezi kumwuza ng'ombe yule yule.

Mwaka wa fedha 2024/25 Tume ya Madini ilikusanya zaidi kidogo ya shilingi trilioni 1 kwa nchi nzima. Trilioni moja ni milioni moja, mara milioni moja. Mtu akisikia hivyo anashtuka, na mara anasema, "Basi tugawane!" Tusimcheke, maana ni swali halali. Tulifanyie hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukigawa trilioni moja kwa watu hao, kila mmoja anapata kama shilingi 16,200. Familia ya watu watano inapata 81,000. Kwa mwenye shida 81,000 si kitu cha kudharau: ni ada, ni mbegu, ni dawa. Lakini zikishaliwa hazirudi, na dhahabu iliyotoka ardhini hairudi pia. Mahindi ukiyala unapanda mengine. Dhahabu hakuna anayeipanda.

Wengine wanasema, fedha hizo ziongeze mishahara na ziajiri watu wengi zaidi. Hapa ndipo penye hatari kubwa, ingawa maneno haya ni matamu. Mshahara ukishapandishwa haushuki. Mtumishi akishaajiriwa atalipwa mwaka huu, na mwakani, na miaka thelathini ijayo. Bei ya dhahabu haikutoa ahadi ya miaka thelathini. Kweli, shule zetu na zahanati zetu zina upungufu wa watumishi, na watumishi hao lazima waajiriwe. Lakini walipwe kwa mapato ya kawaida yanayokuja kila mwaka, wasilipwe kwa bahati ya soko.

Tutoe mfano ambao wazee waliopo hapa wanaukumbuka. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi sana nchini Brazil, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko nchi zote duniani. Kahawa ikaadimika. Kufikia mwanzo wa 1977 bei ilikuwa imepanda mara kadhaa. Nchi yetu nayo ilikuwa inauza kahawa, kutoka Kilimanjaro, kutoka Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera, na kwingineko. Kumbukeni tulikuwa tumetoka katika ukame wa 1974, ambapo fedha zetu za kigeni zilikwisha kwa kununua chakula nje. Basi kahawa ikajaza tena kihenge cha taifa. Mwisho wa 1977 akiba ya fedha za kigeni ilikuwa nzuri.

Ikawaje? Wataalamu wa mashirika ya fedha ya nje walishauri kwamba vizuizi vya kuagiza bidhaa vilegezwe, na serikali ikavilegeza. Bidhaa ziliingia kwa wingi. Wakati huo huo bei ya kahawa ilikuwa imeanza kushuka. Kabla ya mwaka 1978 kwisha, akiba ile ilikuwa karibu imekwisha yote. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, na vita ikaendelea hadi 1979. Mwaka huo huo mafuta ya petroli yakapanda bei duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika 1977, na ndege na reli ikabidi tujitengenezee upya wenyewe. Mambo yote hayo yalitukuta na kihenge kitupu. Wakubwa wetu kwa umri wanajua jinsi sabuni, sukari na khanga zilivyokuwa za kutafutwa mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Hatusemi kahawa ndiyo iliyoleta vita au kupandisha petroli. Tunasema kwamba ziada ilikuwapo, na ilipohitajika haikuwapo tena. Wenzetu wa Kenya nao walipata neema hiyo hiyo ya kahawa. Kwao wakulima walipata sehemu kubwa zaidi ya bei, jambo ambalo ni jema. Lakini serikali yao nayo iliongeza matumizi, na bei iliposhuka matumizi yakagoma kushuka.

Sisi Wasukuma hatuna haja ya kufundishwa na mtu wa mbali maana ya akiba. Viazi vikiwa vingi, mama zetu hawavipiki vyote. Wanavikata, wanavikausha, vinakuwa michembe na matobolwa, vinangojea miezi ya njaa. Hata mtoto mdogo anajua kwamba michembe hailiwi wakati wa mavuno. Lakini kumbukeni pia kwamba mama huyo huyo haweki viazi vyote akibani huku watoto wanalala na njaa. Anakula, anakausha, na anabakiza mbegu ya kupanda. Mambo matatu. Serikali nayo inahitaji kufanya hayo matatu, na inahitaji sheria ya kuilazimisha, maana kihenge cha serikali kina wenye funguo wengi.

Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka 1967 almasi ikagunduliwa Orapa. Nchi ile ilijiwekea kanuni kwamba mapato ya madini yajenge vitu vya kudumu na kusomesha watu, yasiliwe katika matumizi ya kila siku. Mwaka 1994 wakaanzisha mfuko wa akiba unaoitwa Pula. Biashara ya almasi ilipoanguka mwaka 2009, akiba hiyo iliwasaidia kupita. Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Walibaki wakitegemea almasi mno. Soko la almasi lilipoharibika tena kuanzia 2023, mfuko wao ulipungua sana. Kihenge kinakuvusha msimu mmoja au miwili. Hakiwezi kuwa badala ya shamba.

Norway nao wana mfuko wa fedha za mafuta. Sheria yake ni ya 1990, na fedha za kwanza ziliwekwa 1996. Ni mkubwa sana, na fedha zake zimewekezwa nchi za nje. Watu wa mjini hupenda kuutaja mfuko huo. Lakini Norway walipoanza kuweka akiba walikuwa tayari na umeme, barabara, maji na shule kila pembe. Kwa nchi yetu, fedha zote kukaa ng'ambo huku mama anatafuta maji kwa ndoo kichwani ni sawa na yule anayekausha viazi vyote.

Je, kwetu sheria ipo? Ipo nusu. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake. Sheria hiyo haihusu dhahabu. Mrabaha wa dhahabu unaingia katika mfuko mkuu wa serikali pamoja na kodi nyingine zote, na ukishaingia huko, shilingi ya dhahabu haitofautiki na shilingi ya bia. Ni kweli Benki Kuu imeanza kununua dhahabu ya kuweka akiba, na tangu 2024 wauzaji wa nje wanatakiwa kutenga sehemu isiyopungua 20 kwa mia kwa ajili ya kuuzwa humu nchini. Hilo ni jema. Lakini dhahabu ile inanunuliwa kwa fedha, haitolewi bure. Si sawa na kutenga ziada.

Sisi tunaona hivi. Kila mwaka serikali ikisie bei ya dhahabu kwa kiasi, bei ya chini ya ile ya soko, na matumizi ya kawaida yapangwe kwa bei hiyo. Chochote kitakachozidi kigawanywe kwa sheria: sehemu iwe akiba ya mwaka mbaya na ya kulipa madeni yenye riba kubwa, na sehemu kubwa zaidi ijenge vitu vitakavyobaki mgodi ukifungwa. Maana migodi hufungwa. Buzwagi, hapo Kahama, ulianza 2009, na mwaka 2021 ukafungwa. Miaka kumi na miwili! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ulipoanza alikuwa hajamaliza shule ya msingi. Mgodi wa Geita wa wakati wa Waingereza nao ulifungwa 1966, na miaka zaidi ya thelathini ikapita kabla ya kuja mgodi wa sasa.

Vitu vya kubaki ni vipi? Ni kama bomba la maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama, lililozinduliwa 2009. Dhahabu iwepo isiwepo, maji yale yanakunywewa. Ni mabwawa ya kumwagilia mpunga na majosho ya mifugo. Ni vyuo vya ufundi, ili kijana asibaki na sululu peke yake.

Wapo wanaosema fedha zote zibaki hapa zinapochimbwa. Hapo hatukubaliani nao. Miaka ya ukame tumekula mahindi ya Rukwa na Ruvuma, na mishahara ya walimu wetu inatoka katika kodi za nchi nzima. Lakini wanaobeba vumbi, nyufa za nyumba na kupungua kwa mashamba ni sisi, na wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Sehemu yetu isiwe hisani. Sheria inasema ushuru wa huduma ni wa halmashauri, na tangu 2017 inasema pia mgodi lazima ukubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuisaidia jamii.

Na hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Bei ikipanda, hata ushuru huo wa huduma unaongezeka, na halmashauri ya Msalala nayo inapata ziada yake. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Tuulize mle: ushuru wa mgodi mwaka huu ni kiasi gani, mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na kile kilichozidi kimejenga nini? Majibu yaandikwe na kubandikwa ukutani, tusomeane. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo anayetaka bwawa au josho katika kitongoji chake, na alipeleke neno hilo kijijini mapema, mavuno ya Juni yakishaingia ghalani, ili lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya mvua za Novemba. Likifika Machi, karatasi zimekwisha kwenda Dodoma.