Atieno na mjomba wake

Nchini Kenya, wengi waliosoma sekondari wanamkumbuka Atieno, msichana wa miaka minane katika shairi la Marjorie Oludhe Macgoye, "A Freedom Song". Nyumbani kwa mjomba wake anaosha vyombo, ananyonyoa kuku, analea watoto, na halipwi. Kwa nini alipwe? Ni mtoto wa dada.

Udugu ndio mtego wenyewe. Kutoka vijijini mwa Nyanza hadi mitaa ya Kisumu, jamaa mwenye mshahara amezoea kupelekewa mtoto ili "amsaidie". Macgoye anamwachia mjomba aseme, naye anajiona mfadhili hasa. Mshairi hamkaripii. Anarudia tu kiitikio chenye jina la msichana, kama wimbo wa kucheza, huku Atieno akikua bila shule, akishika mimba angali kigoli, akifa katika uzazi. Mazishini, nyama na sukari tele kuliko alivyowahi kuonja.

Macgoye hakuzaliwa Nyanza. Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, katika familia ya kawaida ya wafanyakazi, akaja Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni. Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, akawa mke katika ukoo wa Kijaluo, na akafundisha Kisumu. Labda ndiyo maana hamwonei Atieno huruma ya mbali. Anahesabu kazi zake moja moja, kama mtu anayejua sufuria huoshwa na nani.

Elimu ya msingi bila malipo ilikuja 2003. Mjomba yule bado anazo hoja zake.